Panga Lililojenga Ofisi ya Nkowe

Mwanangu, siku niliyobeba panga kwenda kumkata mtu naikumbuka hata joto lake. Nilikuwa kijana wa Kimwera, nimerudi nyumbani Nkowe baada ya mashamba ya karanga ya Waingereza kule Nachingwea kuvunjika. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimefika kwetu, na mchana ule tulichagua mwenyekiti wa tawi. Hatukuwa na karatasi za kura. Kila mtu alisimama nyuma ya amtakaye.

Nyuma yangu ulisimama ukoo wangu. Nyuma ya Anastasi, Mmakua aliyehamia kutoka Msumbiji, walisimama wengine wote.

Iliniuma, lakini ningeweza kuishia hapo. Ndipo binamu yangu Hamisi akaniambia, "Mtu wa kuja anakushinda kwenu, nawe unatazama tu? Bakari, kweli ulipita jando wewe?" Vijana wenzangu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipeleka nyumbani kuchukua panga. Hasira ilikuwa yangu, sikatai, ila pa kuipeleka nilionyeshwa na watu.

Nikiwa narudi mkutanoni, njiani nilimkuta Mzee Nyoni, Mngoni niliyeng'oa naye visiki Nachingwea, kisha akaja kuoa kwetu. Wangoni na sisi Wamwera ni watani. Zamani babu zao walituvamia. Vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani hukutukana usikasirike, huchukua kitu chako usikidai, na ukimpiga, aibu hiyo hubebwa na ukoo wako mzima. Mzee akalitazama panga, akanitazama usoni, kisha akaketi vumbini katikati ya njia.

"Mtumwa wangu, unapeleka wapi panga langu?"

"Nipishe, mzee. Leo si siku ya utani."

"Ala! Mmwera ananichagulia siku! Babu yangu alipochukua mbuzi wa babu yako, aliuliza leo siku gani?"

"Nipishe, mwizi wa mbuzi wewe!"

Maneno yalinitoka tu, na papo hapo nikajua nimeshindwa mara ya pili siku hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshamjibu kama mtani. Akanyoosha mkono, akashika panga. Vidole vyangu vikaachia.

Alinitangulia hadi mkutanoni, panga begani. "Jamani," akasema, "mtumwa wangu kakimbilia nyumbani kuleta panga, akate miti ya kujengea ofisi ya tawi. Mwenyekiti, mwonyeshe pa kuanzia!"

Hakuna ambaye hakuelewa. Anastasi akavua shati. "Twende wote, ndugu Bakari. Mimi mgeni, sijui mti gani wa huku hauliwi na mchwa."

Watu wakacheka tena, na safari hii hata mimi nilicheka. Tulikata miti siku tatu. Nguzo za pembe zote nne nilizichagua mimi, na bendera ya uhuru ilipopandishwa zilikuwa bado zimesimama. Ndiyo maana hadi leo nikipita pale natembea kifua mbele.

Utasikia watu wakisema kabila fulani lina damu ya ugomvi. Usiamini, mwanangu. Hasira tunazaliwa nayo sote. Kinachotofautiana ni wanaotuzunguka. Kijiji kilekile kilikuwa na Hamisi wa kuniuliza kama mimi ni mwanamume, na kilikuwa na Nyoni wa kukaa njiani. Kwa hiyo tunza utani tuliokuachia, ushindane bila kuchukia, na mwenzako anapochemka chunga sana unachomwambia, maana huenda neno lako ndilo atakaloondoka nalo.

Mungu akujalie mtu wa kukuzibia njia siku ya hasira yako. Na mwenzako akipita na panga, akupe moyo wa kuketi vumbini.