Kibali cha Miche ya Chupa

Mama Jenifer alirudi kijijini kwetu Suji mwaka ule wa kupunguza wafanyakazi, wapiga chapa wa serikali walipogeuka wauza maandazi. Miaka kumi na miwili alikuwa ameosha chupa katika maabara ya miche huko Moshi, na macho yake hayakuwa yamelala. Akaigeuza stoo ya kahawa kuwa maabara: sufuria ya presha, taa ya spiriti, chupa za jamu. Kijipande cha vanila, mmea wa kutambaa juu ya miti, kidogo kama ukucha, alikisimamisha kwenye jeli yenye sukari, akafunika, kikazaa miche. Majirani tulicheka, mimi wa kwanza. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hata kuichuma tunaona aibu, lakini kucheka hatukushindwa.

Sharti lake lilikuwa moja: chupa haifunguliwi. Vijidudu vikiingia, mche kwisha. Hata mchungaji alisalimiwa dirishani.

Zikafika chupa mia mbili, na vuli inakaribia. Wanunuzi walikuwepo. Ila soko huria la kwetu lina mlango, na mlangoni amekaa mtu mwenye muhuri. Bila kibali cha mkaguzi huuzi hata mche mmoja.

Mkaguzi, Bwana Wilbard, akapanda mlima na pikipiki ya mradi.

"Naomba usifungue, Bwana Mkaguzi," Mama Jenifer akamwambia. "Kwa nje yote yanaonekana."

"Mama, fomu inauliza cha ndani ya chupa. Nitajazaje cha nje?"

Akafungua zote, akanusa moja baada ya nyingine, nyingine akazichokoa kwa kalamu. Majibu, akasema, baada ya wiki mbili.

Aliporudi, kila chupa imejaa kuvu. Akaandika: miche ina kuvu, kibali hakuna. Na alisikitika kweli, maskini. Mama Jenifer alilia siku ile, nami nikakionea haya kicheko changu.

Zilibaki chupa chache alizoficha chini ya kitanda. Akazizalisha upya, kimya kimya, mpaka masika yakakaribia. Wiki ya ukaguzi nilimkuta anakata majani ya maua ya plastiki ya sebuleni, zawadi ya kipaimara ya Jenifer, anayasimamisha kwenye chupa zenye mshumaa ulioyeyushwa.

"Jirani, hujaona kitu," akaniambia.

Sikuona.

Bwana Wilbard akafungua, akanusa, akachokoa. Wiki mbili baadaye akakuta kijani kilekile, kuvu hakuna. Alifurahi hata mimi akanipa mkono. Akaandika kwamba hajawahi kukagua miche yenye afya namna hii, akagonga muhuri, akaomba mmoja wa kuweka ofisini.

Masika yale tulipanda miche ile ya chini ya kitanda, na wangu umeshatambaa hadi juu ya mti. Wa Bwana Wilbard bado uko mezani kwake. Juzi nilimkuta anawaonyesha wakulima, anawaeleza kwamba huu ni mwaka wa tatu hajaumwagilia maji. Wakulima walikuwa wanaandika.