Beti Sita za Kuchemshia Nyanya

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niimbe. Nilikuwa nimefika jikoni kwa Memsahib, mama wa kizungu mwenye shamba, saa kumi na mbili asubuhi, gauni limepigwa pasi, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, nikidhani nitapewa ufagio. Mpishi Mkuu, Mzee Barnaba, alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Wewe ni wa kanisa?" Nikasema ndiyo. "Basi imba," akasema, akanionyesha sufuria kubwa iliyokuwa ikitokota juu ya jiko la kuni. Nilifikiri nimeajiriwa na mwendawazimu.

Ninyi mnaosoma haya mna simu inayolia dakika ikifika. Sisi tulikuwa na saa mbili tu. Moja ilikuwa ukutani, nayo ilikuwa imekufa kwa mvuke kabla sijafika. Nyingine ilikuwa mkononi mwa Memsahib, na Memsahib hakuketi jikoni. Kwa hiyo Mzee Barnaba alipima mapishi kwa wimbo mmoja wa beti sita, wimbo ambao kila kanisa liliujua, kila moja kwa lugha yake. Yai lilikuwa beti tatu. Nyanya za chupa zilikuwa wimbo mzima mara tano.

"Mara nne za kitabu," alinieleza, "na moja ya mlima."

Kitabu cha Memsahib kiliandikwa Uingereza, na mambo yake yalikuwa ya nchi iliyo chini, usawa wa bahari. Mzee Barnaba, ambaye kwao ni Machakos, alikuwa amewapikia wazungu Mombasa, na huko mara nne zilimtosha kabisa. Alipoletwa shamba lile la juu ya Gilgil, mahali ambapo ukisimama nyuma ya ghala unaliona ziwa Elementaita chini kabisa, nyanya zake za mwaka wa kwanza ziliharibika zote. "Huku juu maji yanajifanya yamechemka," alisema. "Yanarukaruka, lakini nguvu hayana. Ndiyo maana unaongeza moja." Sikupata kusoma sayansi, lakini mwalimu mmoja aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa amesema kweli tupu.

Nyanya zenyewe zilikuwa za Memsahib mwenyewe, nyuma ya jiko, mistari kumi na miwili iliyofungwa kwenye vijiti vya mianzi. Ziliiva kiangazi cha Januari na Februari, jua linapochoma mchana na baridi inapouma usiku. Jamani, nyanya zile! Siku hizi nanunua nyanya sokoni, ngumu, nyeupe ndani, hazina habari yoyote. Zile ulizikata shinani zingali na joto la jua, ukanyunyizia chumvi, na maji yake yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Mzee Barnaba alituruhusu moja kila asubuhi kabla ya kazi. "Mpishi asiyejua utamu wa nyanya mbichi ataiharibu ya kupikwa," alisema, na huku akiichagua ile kubwa kuliko zote kuwa yake.

Kazi ilikuwa hivi. Nyanya unazitumbukiza katika maji ya moto kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, kisha unazitia kwenye maji baridi, na ngozi inateleza yenyewe. Unazipanga ndani ya chupa za mdomo mpana, unazishindilia hadi maji yake yapande, unatia chumvi na kijiko cha limau. Juu unaweka pete ya mpira, mfuniko wa kioo, na kibanio cha waya. Ndani ya sufuria ya maji unatandika gunia chini ili chupa zisigongane. Maji yakichemka, ndipo unaimba. Kesho yake, zikishapoa, unatoa kibanio na kuinua chupa kwa mfuniko wake tu, kwa vidole viwili. Ikiinuka, imeshika. Mfuniko ukibaki mkononi, hiyo mnaila leo.

Sasa nieleze jambo ambalo sikumweleza mtu siku ile. Ile ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na watu wetu wa msituni. Baba yangu alikuwa amechukuliwa kwa lori, na mama yangu alikuwa akipalilia katika shamba lilelile. Sisi Wakikuyu hatukuweza kukaa pale bila pasi, karatasi ya ruhusa, na pasi yetu ilitegemea kazi yangu. Kazi ikiisha, mimi na mama tungepakiwa turudishwe rizavu, kule serikali ilikotutengea Wakikuyu, ambako hatukuwa na hata mahali pa kuanika nguo, kwa maana mama alizaliwa huku bondeni na mimi nilizaliwa bondeni. Na baadaye nilipoulizwa ni kanisa gani, nilitaja la misheni. Haikuwa kweli. Mimi nilikuwa wa kanisa letu wenyewe, la ngoma na makofi, na makanisa kama letu serikali ilikuwa imeyafunga kwa kuyashuku. Mtu aliyejulikana kuwa wa huko alichukuliwa bila kuulizwa la pili.

Kwa hiyo nilijifunza kuimba kama Mzee Barnaba. Watu wa misheni waliukokota ule wimbo kama wanavuta gogo. Ubeti mmoja ulitaka pumzi ya ng'ombe. Sisi kwetu wimbo uleule tuliupiga mbio, mguu unapiga sakafu, makofi juu yake, na ulipokwisha ulikuwa umetutoa jasho. Mwaka mzima niliukokota pamoja naye, naye akawa ananisifu kwamba nimelelewa vizuri.

Kiangazi cha pili, Mzee Barnaba alipata habari ya kufiwa na ndugu yake, akapewa ruhusa ya wiki mbili kwenda Machakos. Nyanya zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, kama kawaida yake nyanya, haziwezi kumngojea mtu. "Nakuachia jiko," aliniambia mlangoni, mzigo begani. "Mara nne na moja. Usinisahau."

Sikumsahau. Niliimba mara tano kila sufuria, bila kuruka ubeti hata mmoja. Lakini jikoni nilikuwa peke yangu. Mlango umefungwa, mvuke umejaa, hakuna anayesikia, na mimi tangu baba achukuliwe nilikuwa sijaimba kama kwetu hata mara moja. Mguu ulianza wenyewe. Halafu mikono. Nililia na kuimba na kucheka, na chupa zikawa zinagongagonga ndani ya sufuria kama nazo ni za kanisa letu. Zile wiki mbili nilikuwa na furaha ambayo nashindwa kuieleza. Kwamba wimbo ukienda mbio muda wa kuchemsha nao unafupika, hilo halikunipitia akilini kabisa.

Mzee Barnaba alirudi akakuta rafu zimejaa, akanishika mkono kwa shukrani. Siku chache baadaye Memsahib alifungua stoo na kupiga kelele. Chupa zilikuwa zinatoa povu. Mifuniko mingine ilikuwa imeachia, nyanya zinanuka kama pombe ya siku tatu, na mchuzi mwekundu umechuruzika hadi sakafuni.

Bwana Meneja aliitwa. Huyo alikuwa mtu mfupi wa shingo nyekundu, aliyekuwa akitoka na askari kwenye misako, na kwake kila kitu kilichoharibika kilikuwa kimeharibiwa.

"Hii si kuoza," alisema. "Hii ni dawa. Huyu natia dawa ndani, sisi nakula, sisi nakufa. Mimi najua hawa watu."

Memsahib alikuwa amekuwa mweupe kama unga. "Loise," akaniuliza, "wewe natia nini ndani ya chupa?"

"Chumvi na limau, Memsahib. Basi."

"Muongo," akasema Meneja. "Leta pasi yako."

Nilitoa ile pasi kifuani. Meneja akaichukua. Niliwaza juu ya mama, ambaye wakati huo alikuwa ameinama shambani na jembe lake, hajui lolote.

"Ngojeni kidogo, Bwana," Mzee Barnaba akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya rafu, anazipanga chupa. "Za kabla sijaondoka ni nzima. Hizi za wiki zangu mbili ndizo mbovu, na ni zote. Mtu akitia dawa, atatia moja, atatia mbili. Hatatia zote. Hizi hazikuiva." Akainuka, magoti yakilia. "Loise, uliimba?"

"Niliimba, Mzee. Mara tano."

"Basi imba kama ulivyoimba. Memsahib, tafadhali, tazama saa."

Nilielewa hapo hapo. Nikiukokota wimbo kama wake, saa ingesema nilichemsha sawasawa, na jibu lililobaki lingekuwa dawa. Nikiuimba kama kwetu, ningeokoka na dawa, lakini Meneja angejua nimetoka kanisa gani. Mzee Barnaba hakujua lolote kati ya hayo. Alinitazama kwa huruma, akingoja.

Niliimba kama kwetu. Nilijaribu kuzuia mikono, ikashindikana, maana ule wimbo bila makofi hauendi. Nilisimama katikati ya povu la nyanya nikapiga mguu na kupiga makofi, macho nimeyafumba. Nilipomaliza ubeti wa sita niliyafumbua.

"Dakika sita," akasema Memsahib.

"Wangu ni dakika kumi," akasema Mzee Barnaba. "Mnaona? Hakuna dawa. Huyu msichana ana haraka tu."

Lakini Meneja hakuwa anatazama saa. Alikuwa akiitazama mikono yangu. "Nani nafundisha wewe kuimba namna hii?" aliuliza, polepole.

Niliona Mzee Barnaba akinigeukia, nikaona usoni mwake kwamba naye ameelewa. Lazima niwaambieni alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliwahi kurudi kwa Memsahib kutoka nusu ya njia kusema kwamba amekula biskuti moja bila kuomba. Meneja alilijua hilo, shamba lote lililijua.

"Ni mimi, Bwana," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilitaka kazi iende mbio. Kosa ni langu."

Meneja alimtazama kwa muda mrefu. Mwishowe Memsahib ndiye aliyesema basi, imetosha, stoo isafishwe, na jikoni iletwe saa mpya. Nilirudishiwa pasi yangu.

Tulimwaga nyanya zile shimoni nyuma ya zizi, mimi na Mzee Barnaba. Baada ya chupa ya mwisho akaketi juu ya ndoo. "Mimi sijui kusema uongo," aliniambia. Kisha akasema, "Ule wimbo wako usiuimbe tena, mwanangu. Hata mlango ukiwa umefungwa."

Nilimtii. Na nasema wazi, ilinichoma. Aliniokoa mimi na mama yangu, na siku hiyohiyo nikaukosa wimbo wangu.

Saa mpya ililetwa, ikafa kwa mvuke kabla ya mwaka kwisha. Tukarudia beti sita, mwendo wa gogo. Memsahib alipouza shamba na kwenda kwao, Mzee Barnaba alirudi Machakos, nami nikapata kazi Nakuru, jikoni hospitalini, chini ya Matroni aliyependa kupitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi. Nilianza kwa kuosha masufuria, nikawa mpishi, nikawa msimamizi wa jiko. Wakati huo bendera ilikuwa imebadilika na makanisa yetu yalikuwa yamefunguliwa zamani. Niliingia, niliketi, nilipiga makofi na wenzangu. Lakini ule wimbo ukianza, niliwaachia wao waimbe. Nilizoea kutii.

Siku moja muuguzi alikuja jikoni akasema kuna mzee wodini, ameletwa na mwanawe anayefanya kazi relini, anakataa chakula, anasema nyanya zetu hazina mpishi. Nilijua kabla hajamaliza. Nilichukua chupa moja ya zile nilizojifungia mwenyewe nyumbani, nikaenda.

Alikuwa amekonda hadi mashavu yameingia. Nilitoa kibanio mbele yake, nikainua chupa kwa mfuniko, vidole viwili. Iliinuka. Akacheka bila sauti. Nilimlisha kwa kijiko, akala vijiko vitano, akafunga macho.

"Umechemsha kwa wimbo upi?" aliuliza.

"Wako, Mzee. Mara nne na moja ya mlima."

"Vizuri." Alifungua macho. "Sasa niimbie ule wako."

"Mzee, ulinikataza."

"Nilikukataza wakati ule. Nimekaa na lile jambo miaka yote. Uongo nilikwisha kuutubu, lakini wimbo nilikunyima mimi. Imba, Loise."

Niliimba. Mchana kweupe, katikati ya wodi, aproni kiunoni, mguu unapiga sakafu ya Matroni. Sauti mwanzoni ilikwaruza, halafu ikapata njia. Wagonjwa waliinuka kutazama. Mzee Barnaba alipiga makofi na mimi, vile viganja vyake vikavu, na kila mara alikuwa nyuma ya wimbo, maskini, maana mwendo ule hakuwahi kuupata.

Alirudi kwao wiki iliyofuata, na huko ndiko alikozikwa.

Mimi nilistaafu nikajenga Section 58, mtaa wa hapa Nakuru. Nyuma ya nyumba nina mistari mitatu ya nyanya, na Januari wajukuu wangu huja kuzila na chumvi, wakichafua mashati. Wananiletea simu ihesabu dakika. Nawaambia waiweke mbali na mvuke. Naimba mara nne za kitabu kwa mwendo wake Mzee Barnaba, polepole, hadi pumzi inaniisha. Ile ya mlima naiimba kwa mwendo wetu, na kwa kuwa mwendo wetu ni wa mbio, naiimba mara mbili. Hakuna chupa iliyoachia.