Kivunde Juu ya Paa la Hajji

Chekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie, maana Gitega nzima wameshanicheka na sina tena aibu ya kuficha, labda ile kidogo inayonipata nikipita mbele ya jengo lile na mlinzi akanusa hewa makusudi huku ananitazama.

Mimi ni fundi wa hewa. Natengeneza mifumo ya kupoza, kupasha joto na kubadilisha hewa kwenye majengo mapya (najua mnauliza, Gitega hii ya baridi nani anataka kupozwa, lakini jazeni watu kwenye ukumbi wa vioo saa saba mchana halafu mje tuongee). Miaka yote nilikuwa msaidizi wa mafundi kutoka Bujumbura, nabeba ngazi, nashika bati wao wakate, mpaka Hajji Sudi, mfanyabiashara wa Muyinga, alipojenga ghorofa lake hapa Gitega, maduka chini na ukumbi juu, akanikabidhi mimi kazi nzima. Nilipima kila chumba mwenyewe, nikakata mabomba ya bati kwa kipimo cha kila chumba, feni kubwa inavuta hewa juu ya paa, hewa inapita darini na kushuka kila duka na kila kona. Na Hajji alishaniambia wazi kwamba Muyinga anajenga jengo jingine, kubwa kuliko hili, na akiridhika siku ya uzinduzi, la Muyinga ni langu. Kazi yangu ya pili kwa jina langu! Niliitaka kazi ile mpaka chakula kilikuwa hakishuki.

Sasa mamamkwe. Mamamkwe wangu anaishi Bugendana, alikulia Tanzania kama mimi, ni mtu mwema kabisa, lakini tangu niolewe alikuwa hajaelewa huyu ni mkazamwana wa namna gani anayevaa suruali na kulala kifudifudi darini. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa anaitazama mikono yangu tu na kuguna. Basi wiki ile ile ya uzinduzi akaja kwetu na gunia la mihogo aliyoiloweka mpaka ikalainika, ile ya kivunde (kikikauka na kusagwa ugali wake ni mtamu ajabu, ila kabla hakijakauka, asiyeijua harufu yake amshukuru Mungu), na mvua ya Bugendana ilikuwa haikatiki, mihogo imeanza kuota ukungu.

"Mkazamwana," akaniuliza kwa huzuni, "hata huku mjini hakuna jua?"

Hapo nikajitia ujuaji. Kule juu ya paa la Hajji kuna kibanda cha mabati, na ndani yake kuna zile mashine za nje za viyoyozi, zinapuliza hewa ya moto mchana kutwa, na mimi siku hizo nilikuwa naziwasha kuzijaribu. Nikabeba gunia, nikatandika turubai mbele ya mashine, nikaanika. Feni ya kuvuta hewa ilikuwa bado imezimwa, na tundu lake liko upande wa pili wa kibanda, nikaona hakuna neno. Siku mbili tu, mihogo ikaanza kulia ukiigonga. Mamamkwe alipopanda kuiona akapiga makofi, akasema, "Kumbe kazi yako ina maana!" Jamani, neno hilo nililingoja tangu siku ya harusi.

Asubuhi ya uzinduzi tukapanda wote wawili tuishushe. Akavunja kipande, akakibonyeza, akasema, "Katikati bado. Iache mpaka wamalize hotuba." Nikaiacha. Ningesema hapana mara moja tu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara wa Muyinga na wake zao, shehe mmoja, padri mmoja kutoka Mushasha, mamamkwe wangu kiti cha katikati (nilimwombea mwaliko mwenyewe, ili aone), na mimi nimesimama nyuma karibu na swichi zangu, nimevaa imvutano yangu ya sherehe, bega moja wazi, najiona. Hajji akashika maikrofoni na kunipa ishara, nikawasha feni.

"Bageni wetu," akasema Hajji, "mvute pumzi! Iyo hewa iko inatoka juu kabisa, iko safi!"

Wakavuta pumzi. Wote kwa pamoja, kwa heshima ya mwenye nyumba.

Padri alikuwa wa kwanza kutoa leso. Halafu kina mama wakaanza kuvuta vitambaa puani, mmoja akamtazama mumewe kwa jicho baya, na mwanamume wa watu akatikisa kichwa kuapa kwamba si yeye. Hajji naye ikamfikia. Uso ukabadilika.

"Salvator! Salvator iko wapi?" Salvator ndiye aliyefunga mabomba ya maji na vyoo vya jengo lile, kijana mpole, siku hiyo amevaa tai. "Mbona choo yako iko inanuka mpaka ku hotuba yangu?"

"Hajji, mi nilijaribisha byote jana, donc sijue..."

"Nenda uangalie!"

Salvator akatoka huku analegeza tai. Na mimi, naapa, dakika hiyo niliamini kabisa kwamba ni vyoo, nikataka kumsaidia, nikasema dawa ya harufu mbaya ni hewa ya nje, nyingi, nikazungusha swichi ya feni mpaka mwisho. Harufu ikazidi. Nikajiambia ngoja, hewa safi haijafika bado, iko njiani. Kilichofika ni unga. Unga mweupe, laini, ukashuka taratibu kutoka kwenye matundu ya dari ukatua juu ya kanzu nyeusi ya padri (shehe kanzu yake ilikuwa nyeupe, ikamsitiri), juu ya suti ya Hajji, juu ya keki. Mwingine ukatua mkononi mwangu. Nikauramba.

Mchachu. Muhogo.

Upepo ulikuwa umegeuka na kulisukuma turubai, na unga unaomomonyoka kwenye mihogo iliyokauka, upande wa tundu, na chujio la kuzuia vumbi nilikuwa nimelitoa mwenyewe kwa sababu lilijaa uchafu wa ujenzi na jipya halijafika kutoka Bujumbura (msiniulize). Feni yangu kwa nguvu zake zote ilikuwa inawalisha wageni kivunde cha mamamkwe.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikazima feni kimyakimya, nikakunja mikono kama mtu wa kawaida. Hajji anafuta mabega na kupiga kelele kwamba Salvator hatakanyaga tena kazini kwake, si Gitega, si Muyinga, na mimi namsikia, na kichwani mwangu kuna Muyinga tu, Muyinga, Muyinga. Nilijichukia palepale.

Aliyesimama ni mamamkwe. Akajifunga kitenge vizuri, akatazama mbele.

"Unisamehe Hajji, unisamehe padri. Hiyo si choo. Hiyo ni mihogo yangu, iko juu ya paa. Mkazamwana wangu ameianika na mashine yake." Kisha furaha ikamshinda. "Siku mbili tu imekauka!"

Kina mama wa Muyinga wakaanza kucheka, mmoja akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Hajji hakucheka. Akapanda juu, nusu ya wageni nyuma yake, akaitazama mihogo, akalitazama turubai, akalitazama tundu. Kisha akashuka, akaniambia nimfuate, akawa anaingia duka moja moja na kunusa. Tukafika lile la mwisho kabisa, nyuma ya ngazi, ambalo hata dirisha halina. Akanusa. Akanusa tena.

"Mpaka huku?"

"Ndiyo, Hajji. Kila chumba kina bomba lake."

"Ku nyumba yangu ya zamani, huku nyuma hewa haikufikaka hata siku moja." Akatikisa kichwa. "Bon. Muyinga nitakupa."

Nikaanza kutabasamu. Akaninyooshea kidole.

"Mais we ulijua. Nilikuona unaramba mukono. Mi niko nafukuza Salvator mbele ya batu, na we uko unanyamaza. Nenda uchukue maikrofoni, binti yangu."

Nilitamani aichukue tena Muyinga yake. Nikapanda mbele ya watu wote nikasema ni mimi, vyoo ni vizima, Salvator hana kosa, nilijua na nikanyamaza kwa sababu nilitaka kazi. Sauti ilitetemeka, na maikrofoni ikautangaza mtetemo wote. Ndipo Salvator akatokea mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, tai ameitupia begani, spana mkononi, amelowa mpaka magoti.

"Mi nilishafungua vyoo bitatu, Espérance," akasema polepole. "Bitatu."

Nikaenda kuvifunga naye, na imvutano yangu, nikapiga magoti pale kwenye vigae wakati wenzangu wanakata keki yenye unga. Choo cha kwanza hakunisemesha. Cha pili akaniomba nati bila kunitazama. Cha tatu akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na yale hayakuwa ya kucheka peke yake.

Sasa tuko Muyinga, mimi kwenye hewa, yeye kwenye maji, na nimeapa kwamba juu ya paa la mtu sitaanika hata leso. Na ikitokea harufu yoyote kwenye jengo, mimi hupaza sauti, "Ni mimi!" kabla Hajji hajamwita Salvator, hata siku zile ninazojua kabisa kwamba ni yeye.