Mpini Mpya wa Kisu cha Baba

Kisu cha marehemu baba kilikuwa cha kukunja, cha kujaa kiganja, na mpini wake ulikuwa umepasuka pande zote mbili. Baba aliuza mitumba, na kwa kisu hicho alikata kamba za mabelo miaka yote ninayoikumbuka. Vibao vya mpini vilipoanza kuachia, alivifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli akaendelea na kazi. Dada yangu mkubwa alikileta nyumbani Bwiza Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya kuganduka, akakiweka mezani mbele yangu.

"Ukitengeneze," alisema. "Siku ile kitawekwa mbele ya watu pamoja na kofia yake. Hatuwezi kuwaonyesha kitu imefungwa mupira."

Kuganduka ni kumaliza msiba. Mtu akishazikwa, mwaka hupita au zaidi, kisha ndugu na majirani huitwa tena, hema hufungwa uani, vinywaji hununuliwa, na msemaji wa familia husimama kuwaambia watu kwamba sasa yamekwisha. Siku hiyo ndipo hutajwa pia nani atashika rugo ya marehemu, yaani ua wake, nyumba na wapangaji.

"Upime kwa mukono yako," dada aliongeza akiwa mlangoni. "Ndio mukono yenye iko hapa."

Sikuona fumbo ndani ya maneno hayo.

Niliondoka Bujumbura nikiwa na miaka kumi na tisa, muda mfupi baada ya kumaliza sekondari. Nimepika kwenye meli, nimeuza simu Kigoma, nimelinda ghala Kalemie, nimekaa Lubumbashi mpaka nikaota kwa lugha ya kule. Nilirudi kwa mazishi na begi moja, nikikusudia mwezi mmoja. Dada ana darasa lake na watoto wake Cibitoke. Mdogo wangu ana mke, kazi ya ofisi na nyumba Musaga. Mimi sikuwa na chochote cha kunivuta, basi nikaonekana nafaa kulala chumba cha pili na kumtazama mama. Mwezi ukawa mwaka na miezi minne. Nikishika viatu tu, mama anauliza, "Unaenda wapi, papa?" Papa ni baba, ndivyo anavyoniita tangu utoto. Mwishowe nikawa natoka na kandambili ili asiulize. Na hata ukitoka, petroli hakuna, mabasi machache, mji mzima umekuwa wa kutembea kwa miguu. Nilikuwa nalala nikihesabu vituo vya barabara ya kusini kama mtu anayesali.

Lakini nilikuwa na siri. Dereva mmoja ninayemfahamu, anayeleta mawese kutoka Rumonge, alikuwa amenihifadhia kiti cha mbele Jumatatu ya baada ya kuganduka. Kutoka Rumonge ningejua mwenyewe jinsi ya kufika Kigoma. Sikumwambia mtu. Kwa hiyo kazi ya kisu niliipokea kwa moyo mweupe, kama mtu anayefagia chumba cha kupanga kabla ya kurudisha ufunguo.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma. Niliukata ule mpira, ukatoka vipandevipande. Vibao vya zamani vilikuwa vya pembe ya ng'ombe, vimeliwa na wadudu kwa ndani. Nilisaga vichwa vya pini za shaba kwa tupa mpaka vikalingana na bamba la chuma la ndani, kisha nikazisukuma kwa msumari na nyundo ndogo. Chini yake kulikuwa na kutu, na nyuzi za mabelo zilizobanana karibu na springi: nyekundu, buluu, moja ya kijani. Nilizitoa kwa sindano. Fundi wa milango wa mtaa wa pili alinipa kipande cha musave, mti mwekundu kidogo, mwepesi kupiga msasa. Nilikipasua vibao viwili, nikavichora kwa kufuata bamba, nikatoboa matundu, nikaviringisha migongo siku nzima.

Jioni nilipoviweka pande mbili za kisu, kimoja kilikaa. Cha pili, matundu yakiingiliana, mgongo wake wa mviringo uligeukia ndani. Nilikigeuza, sasa matundu yakakataa. Nilikuwa nimetengeneza vibao viwili vya upande mmoja.

Mama alikuwa akichambua maharage. Aliviangalia, akaangalia uso wangu.

"Ni kama ule mutu alinunua viatu mbili za kuume," alisema.

"Usicheke, mama."

"Mi sicheki. Kwani una miguu ya kuume ngapi?" Na hapo alicheka mpaka maharage yakamwagika.

Ilibidi nirudi kwa fundi kuomba kipande kingine. Kibao cha pili nilikitengeneza kwa uangalifu, nikiandika "nje" kwa kalamu upande wa nje. Nilibandika vyote kwa gundi ya mirija miwili, nikavibana usiku kucha kwa kamba na kabari. Pini nilizitengeneza kwa waya wa shaba, nikazigonga vichwa polepole. Ukigonga sana, bamba hubana na kisu hakifunguki tena.

Alhamisi ya wiki ya kuganduka mdogo wangu alikuja kwa miguu kutoka Musaga, shati limelowa. Alinikuta natafuta umbo la mwisho kwa msasa. Alikichukua kisu, akakikunja na kukikunjua.

"Eh! Umejitengenezea vizuri, shefu."

"Shefu gani?"

"Shefu wa rugo, mwenye ataishika." Alicheka, kisha akaacha. "Dada hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

Alikirudisha mkononi mwangu taratibu, kama kitu cha moto. "Mukubwa, usinigombeze mimi. Jumamosi msemaji ataita jina yako. Utapewa kofia na kisu. Mialiko imetoka, hema imelipiwa, mababa wadogo wote wanajua."

"Na wewe je?"

"Mi niko na kwangu. Bibi yangu hawezi kuishi Bwiza, unamujua." Aliinuka. "Na we si uko hapa tayari?"

Baada ya kuondoka kwake nilikaa na kile kisu. Kilijaa kiganja changu barabara, kila kidole mahali pake. Nilikuwa nimejipima mwenyewe. Kukataa mbele ya wageni mia, baba amelala kaburini, ni jambo ambalo mtu wa kwetu halifanyi. Kutoroka kabla ya Jumamosi ningeweza. Mambo hayo nimeyafanya. Nikachukua tupa. Mdogo wangu ana mikono midogo kama ya karani. Nikaanza kula ule mti, mapigo matatu, manne, matano, ili mpini uwe wa mkono wake na kila mtu aone.

"Unapunguza ya nini?" mama aliuliza nyuma yangu. "Mukono yako ni kubwa."

"Mama, ulijua?"

"Ndio mimi nilisema jina yako."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekimbia." Alivuta kigoda akaketi. "Na mimi, nani aliniuliza? Toka tumuzike sijatoka hii rugo ila kanisani. Mujane anangoja kuganduka, sawa, nimengoja. Dada yangu Rumonge anazeeka. Nataka kwenda, nikae kwake, nikule samaki yenye bado inaruka. Lakini nikiondoka, nyumba inabaki na nani? Wapangaji watauza hata milango. Kila siku naangalia nani atabaki ili mi nitoke. Ni wewe tu."

Mwaka mzima nilidhani mimi ndiye ninayelindwa na mama ndiye mlinzi. Nilijaribu kusema kwamba mtu wa kulinda nyumba anaweza kupatikana, akasema wa kulipwa ndiye huuza mlango wa kwanza. Nikaweka tupa chini. Mahali nilipokula palibaki na bonde dogo chini ya kidole gumba. Nililipiga msasa likawa laini, nikapaka mawese mti uwe mwekundu.

Jumamosi baba mdogo, msemaji wetu, alisimama chini ya hema akaita jina langu. Nilipokea kofia na kisu kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi, nami nikajiona kama nimehukumiwa. Jumatatu alfajiri nilimpigia yule dereva kumwambia kile kiti sasa ni cha mama. Mama alipanda akiwa amevaa vitambaa vipya, begi langu mapajani mwake, wala hakugeuka nyuma.

Sasa ni mwezi wa nne tangu mama aondoke. Nafungua lango asubuhi, nalifunga jioni, naamua ugomvi wa bomba kati ya wapangaji. Kila Jumapili anapiga simu, na nyuma yake nasikia ziwa na watu wanaocheka. Juzi nilimuuliza anarudi lini.

"Tutaona, papa," alisema.

Jibu hilo nalijua. Nilimpa yeye, kwa simu, kutoka kila mji niliowahi kuishi, na sasa najua kwamba halina tarehe ndani yake.