Begi Alilopimiwa Mkunga kwa Macho

Katika duka la mabegi alilofanyia kazi miaka kumi na minne, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Profesa kwa bosi, kwa wateja, hata kwa shemeji zake, na cheo hicho alikipata kwa mdomo tu. Mtu akiulizia begi la mgongoni, Profesa alimchambulia kitambaa, mshono, zipu na sponji ya mikanda mpaka mteja akasahau alichofuata. Kuuza aliuza. Ila kulikuwa na jambo alilolijua mkewe peke yake: Profesa hajawahi kubeba begi kupita kituo cha basi, tena likiwa na mwavuli na chakula cha mchana, basi.

Mkunga aliingia dukani Ijumaa moja, saa saba ikikaribia, na saa saba ndiyo Profesa alikwenda kula. Alikuwa mama mfupi wa miaka sitini na mmoja, amestaafu miezi miwili tu, baada ya kuzalisha watoto ambao hesabu yao ilishampotea. Yeye na dada yake walipanga kutembea siku kumi na moja milimani, wakilala kwenye hema. Dada alikuwa na kila kitu. Yeye alikosa begi.

"Mwanangu, nataka jepesi," alisema. "Jepesi lisiloniumiza. Mgongo huu umeinamia vitanda vya watu miaka thelathini na tano."

Profesa akamtolea la kijivu, ambalo likiwa tupu halikufika hata kilo moja. Akamvika, akavuta mikanda, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama. Mkanda wa kiunoni, ambao kazi yake ni kushika nyonga ili mzigo usining'inie mabegani, ulikuwa umeteremka mpaka kwenye makalio. Aliuona. Kikaratasi ndani ya begi kiliandikwa "mgongo mrefu", na mama mwenyewe alimfika kifuani. Saizi fupi ilikuwepo stoo, rafu ya juu kabisa, nyuma ya maboksi ya mabuti, na ngazi ilikuwa imeazimwa na duka la jirani.

"Mbona huu mkanda unanipwaya?" mkunga aliuliza.

"Likiwa tupu hukaa hivyo, mama. Likishiba litapanda lenyewe."

"Una uhakika?"

Angeweza kumwambia asubiri kidogo, afuate ngazi. Badala yake mdomo ukamtangulia. "Mama, mimi mwenyewe ninalo kama hili. Nimetembea nalo siku tisa milimani. Siku ya kwanza mabega yanalalamika, ya pili yananuna, ya tatu yanazoea. Wewe kaza tu."

Mkunga akacheka, akamshukuru kwa mikono miwili, akaondoka na begi lake. Saa saba na dakika tano Profesa alikuwa anatafuna.

Wiki tatu baadaye mkunga alirudi, begi amelikunja vizuri ndani ya mfuko. Alivaa blauzi yenye shingo pana, na pembeni ya shingo, pande zote mbili, bandeji zilichungulia.

"Nimekuletea umpe mtu mwenye nguvu zake," alisema. "Mimi limenishinda."

"Pole, mama. Ilikuwaje?"

"Kama ulivyosema. Siku ya kwanza mabega yalilalamika, ya pili yakanuna. Dada akataka tubadilishane mabegi, nikamkatalia. Nikamwambia kaka wa dukani alikwenda siku tisa, tusubiri ya tatu. Ya tatu ngozi ikachubuka. Ya nne mkono wa kushoto ukafa ganzi, hata kikombe kikawa kinaniponyoka. Tukageuza. Dada naye safari yake ikaishia hapo hapo." Akauweka mfuko juu ya kaunta. "Wewe hukukosea. Ni uzee huu, nilikuwa najidanganya."

Profesa alihisi masikio yakiwaka. Bosi alikuwa amesimama karibu, akasema milima si mchezo. Profesa akaitikia, "Kweli, si mchezo." Akamtazama yule mama akitoka polepole, bega moja limeshuka.

Jioni alilibeba begi mpaka nyumbani. Akalijaza pakiti za unga na chupa za maji, kilo kumi, akalivaa, akapanda na kushuka ngazi za jengo mara tatu. Lilimkaa kama limeshonwa kwa kipimo chake. Hilo lilimuumiza kuliko kama lingemchuna. Mkewe, ambaye ni mfupi, akataka kulijaribu. Alipanda ngazi mara moja tu, akalitua.

"Hili umemuuzia nani?"

Akamweleza yote. Mkewe akamuuliza, "Na hizo siku tisa ulitembea wapi? Kati ya kitanda na sufuria?"

Jumamosi alifuata ngazi, akashusha saizi fupi, akamweleza bosi anakoipeleka. Jumapili asubuhi alibisha hodi kwa mkunga, anwani ameipata kwenye kitabu cha risiti. Alimkuta uani akianika nguo kwa mkono mmoja.

"Mama, sijawahi kutembea milimani," alisema, kabla hajakaribishwa kiti. "Hata siku moja. Na begi lile halikuwa saizi yako. Niliona palepale dukani. Nilikuwa na njaa, sikutaka kufuata ngazi."

Mkunga hakugeuka mara moja. Alibana shati kwenye kamba, akalinyoosha mikono.

"Wiki hizi zote nimekuwa nikijiita kikongwe," alisema. "Viatu vyangu vya kupandia milima nimeshamgawia jirani." Kisha akaita ndani, "Dada, njoo. Kuna mtu ana maneno."

Ikabidi Profesa aanze upya, mbele ya mama wa pili, mrefu na mkavu wa uso, aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia hata kwa "enhe". Mara hii maneno yalikuwa mazito zaidi, maana alishajua yanavyosikika.

"Na huko dukani wanakuita profesa wa nini?" dada aliuliza.

Profesa akalitua chini begi la saizi fupi alilokuja nalo.

"Haya, pima," mkunga alisema.

Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima kuanzia mfupa uliochomoza chini ya shingo mpaka usawa wa juu wa nyonga. Sentimita arobaini na moja. Kazi ya nusu dakika, na alikuwa akiijua miaka yote hiyo. Wakalijaza begi jipya mchele na mablanketi, wakaweka vitambaa laini juu ya makovu, mkunga akazunguka ua mara nne. Mkanda ulikaa mahali pake.

"Liache hapo mlangoni," alisema. Hakumwambia asante, wala hakumfukuza.

Msimu uliofuata dada alipita dukani kununua vigingi vya hema. Kwa bosi, si kwa Profesa, alisema wamerudi juzi, siku zote kumi na moja, na mdogo wake ndiye aliyekuwa mbele. Profesa alifurahi, lakini hakuthubutu kuinua uso. Aliendelea kumpima kijana mmoja mgongo, akimweleza kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe hajawahi kutembea mbali.

Dada alimsikia. Akachukua vigingi vyake, akatoka.