Barua ya Mhudumu wa Maktaba

Habari zilimkuta Zenon katika duka la ushirika, akijisifia elimu yake ya kidato cha nne: mjomba wake, mhudumu wa maktaba, amefariki asubuhi hiyo. Mjomba aliunga vitabu vilivyochanika kwa uji mzito wa ulezi, vidole vikinukia kama jikoni, na kila msomaji alisimamishwa naye mlangoni akaguliwe mikono. Hata ofisa wa mkoa aliambiwa kwa sauti ya chini, "Mikono, ndugu ofisa," akaenda kunawa. Mjomba alitamani kitu kimoja tu, kupelekwa kozi ya ukutubi, asomee kazi yake ya maktaba. "Zenon, wewe ndiye msomi, niandikie barua." Msomi aliiandika vizuri sana, akaichomeka katika kitabu cha sala ili aiombee novena, sala ya siku tisa, kwanza. Aliiombea miaka miwili. Kwenda posta hakukumbuka. Mjomba alipouliza, "Wamejibu?" alimwambia, "Tuzidi kusali, mjomba."

Makaburini Kaengesa wakamtaka asome wasifu wa marehemu. Karatasi pekee aliyokuwa nayo, ndani ya kitabu cha sala, ni ile barua, akaisoma yote, mpaka "naomba nipewe nafasi hiyo". Watu wakaitikia amina. Padri akabariki kaburi, jeneza likashushwa, na Zenon akanawa mikono kabla ya kutupa udongo.