Mtoto wa Sebukera

Padri alikataa kufungisha ndoa ya Isidore na Colette, vijana wa kijiji cha Kibabi, kwenye vilima vya Masisi. Ilikuwa mwaka 1957, majira ya mvua, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshavuka kijito kwenda kwa Athanase Habiyaremye, baba wa binti.

Isidore alichunga ng'ombe wa mzee Semana, na mgeni angedhani ni mwanawe wa kumzaa. Hakuwa. Watu wazima wote walikumbuka jinsi alivyofika. Wakati wa vita vya wazungu, wanaume wa Walikale walipolazimishwa kuingia porini kutafuta utomvu wa mpira, mtu mmoja alipanda kutoka msituni akiwa na mtoto mgongoni, akaanguka penye ua wa Semana. Alikuwa akihara damu. Mke wa Semana, Vénantie Mukantabana, alimlaza kwenye nyasi kavu, akamnywesha maziwa, akamwita mwalimu wa dini. Mwalimu alimbatiza yule mtu kabla hajakata roho. Alimbatiza na mtoto vilevile, kwa sababu naye alikuwa akiungua kwa homa na hakuna aliyedhani ataiona asubuhi.

Mtu yule akafa. Mtoto akapona. Kwenye kitabu cha ubatizo, parokiani, waliandika kwamba jina lake ni Isidore, na kwa jina la baba wakaandika lile neno moja ambalo marehemu alilitamka alipoulizwa yeye ni nani. Maneno yake mengine hakuna aliyeyaelewa. Semana na mkewe walikuwa wamehamia Masisi kutoka Rwanda miaka michache tu kabla ya hapo, na msitu ulikuwa kwao nchi ya mbali.

Homa ilipomtoka mtoto iliondoka na maneno yake yote. Akaanza upya, kama mtoto mchanga, na maneno ya kwanza aliyoyapata yalikuwa ya Vénantie, ambaye hakuwa amejaliwa kuzaa.

Lakini kuna kitu homa haikukiondoa. Alfajiri, wakati wa kukamua, Isidore alikuwa akisimamisha mikono ghafla, ng'ombe akageuza shingo kumtazama.

"Unasikia nini?" Vénantie alikuwa akimuuliza.

"Kuko mama mumoja anasema."

"Anasema nini?"

"Sijue, Mama. Haiko Kinyarwanda."

Vénantie alikuwa akifanya ishara ya msalaba na kumpa kazi nyingine upesi. Aliamini kuwa yule maiti wa uani anadai kitu, na kila Novemba alimwombea misa. Lakini sauti ile ilikuwa ya mwanamke, na misa haikuinyamazisha.

Basi Isidore akakua, akampenda Colette, na Jumapili moja Padri akasoma matangazo ya ndoa kanisani: Isidore, mwana wa Sebukera, na Colette, binti wa Athanase. Palepale kwenye benchi Athanase akashika kichwa. Alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Sebukera. Kijana huyo aliondoka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Walikale kabla vita havijafika, na hakurudi tena. Kama yule mtu aliyefia kwa Semana ndiye Sebukera, basi Isidore na Colette walikuwa watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja. Huyo si mchumba, ni kaka yake.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kuona. Waliona paji la uso la Habiyaremye kwenye uso wa Isidore. Waliona mwendo wake, waliona masikio. Kuhusu ile lugha ya marehemu, walisema ni homa iliyomchanganya ulimi. Mama mzazi wa Athanase, bibi Mukandori, aliomba aletewe kijana. Alimpapasa mashavu kwa vidole vyake vikavu, akaanza kulia.

"Njo yeye, ni yeye kweli," alisema. "Njo damu ya Sebukera wangu. Ulikuwa wapi siku hizi zote?"

Isidore alitoka pale bila kuaga. Maisha yake yote hakuwa na bibi, na sasa alipewa bibi na kunyang'anywa mke kwa siku moja. Alikuja kusema baadaye kwamba kilichomtisha zaidi ni kuwa alitamani kukubali. Jioni alijitazama ndani ya ndoo ya maji, akamwona mtu asiyemjua akimtazama, naye akamgeuzia uso.

Colette alimfuata kwenye malisho. Hakukaa karibu naye. Alisimama upande wa pili wa ng'ombe.

"Papa anasema uko kaka yangu. Padri anasema kitabu njo inasema. Wewe unasema nini?"

"Mimi sijue hata baba yangu alitoka wapi, Colette."

"Basi enda ujue. Nikimupoteza bwana, nimupoteze kwa kweli. Haiko kwa masikio ya watu."

Akaenda parokia. Padri alikuwa mtu mpole, na jambo lile lilikuwa linamkosesha raha. Alimweleza kwamba kitabu alichosomea matangazo ni nakala. Kile cha zamani kiliharibiwa na mvua iliyopenya darini, na ukurasa mmoja mmoja ukanakiliwa upya. Akaenda kuutafuta ule wa zamani ndani ya sanduku. Karatasi zilikuwa zimeshikana, zinanuka ukungu. Alizitenganisha kwa kisu cha kukatia mkate, polepole, mpaka akaufikia ukurasa wenyewe.

"Njoo uone," alisema.

Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai. Jina lilikuwa *Seboekiri*.

Padri alicheka kidogo, bila furaha. "Aliyeandika hapa alikuwa padri mzungu, mtu wa Flandre. Kwao *oe* inasomwa *u*. Yeye alisikia *Sebukiri*. Mwenye kunakili hakujua, akakuta jina lisiloeleweka, akaweka lile analolijua: Sebukera."

"Kwa hiyo haiko ndugu ya Papa Athanase?"

"Sijui. Herufi zinasema hapana. Lakini Sebukiri ni nani? Jina hilo sijalisikia popote."

Isidore alirudi nyumbani, akamkuta Vénantie anaosha vibuyu vya maziwa. Alimtajia jina hilo taratibu, silabi kwa silabi. Vénantie akaacha kuosha.

"Haikukuwa vile," alisema. "Yule muntu hakusema *Se*. Alisema *She, She*, ulimi yake ilikuwa imevimba. Mwalimu alikuwa muntu ya kwetu, akasema, haiwezekane, jina inaanzaka na *Se*. Mimi nilinyamaza. Nilisema ni kiu inamusumbua."

Shebukiri. Isidore aliondoka na neno hilo mdomoni hadi sokoni, mahali watu wa msituni walipokuwa wakileta mafuta ya mawese. Alimwendea mwanamume mmoja wa kijiji cha Buleusa, huko Walikale, aitwaye Grégoire, mtu wa makamo, akamuuliza kama kwao kuna mtu wa jina hilo.

"Shebukiri si jina ya kuzaliwa," Grégoire alijibu. "Kwetu muntu akishazaa, tunamuitaka na mutoto wake. *She*, njo baba. Shebukiri, ni baba ya Bukiri."

"Na Bukiri ni nani?"

"Mutoto wake wa kwanza. Uko na mukubwa?"

"Hapana. Tulifika wawili tu, mimi na yeye."

"Basi njo we..." Grégoire alianza, halafu akakatiza. Alitua kibuyu chake chini. Alirudi hatua nyuma, kama mtu aliyekaribia kukanyaga nyoka. "Hapana. Bukiri wa kwetu alikufa. Mimi mwenyewe nimeona kaburi yake."

Ilimchukua Isidore muda mrefu kumshawishi Grégoire wasafiri pamoja. Grégoire alikubali kwa sharti kwamba kijana atangulie njiani, kusudi amwone mbele yake wakati wote. Wakaacha vilima vya nyasi, wakateremka ambako miti inafunga mbingu na miguu haikauki. Kila walipovuka maji Grégoire alichungulia kama Isidore ana kivuli.

Walifika Buleusa jioni, wakalala kwa Grégoire kimyakimya. Alfajiri Isidore akaamka kwa sauti.

Safari hii haikuwa kichwani. Ilitoka nje, nyuma ya migomba, sauti ileile, ikipanda na kushuka vilevile, ya mwanamke anayeongea na mtu asiyemjibu. Isidore aliifuata mpaka akamwona mwenyewe. Chini ya miti miwili iliyopandwa makusudi, mwanamke mwenye kichwa cheupe alikuwa amechuchumaa mbele ya tuta dogo la udongo lililofagiliwa. Pembeni pa tuta hilo kulikuwa na lingine, refu. Alikuwa ameweka ndizi ya kuchoma kwenye jani, na alikuwa akisimulia.

Hakuthubutu kumsogelea. Alirudi, na dada mdogo wa yule mwanamke, Libérata, akaitwa aje kueleza. Alieleza akiwa amesimama mlangoni, tayari kukimbia.

"Shebukiri alikimbia kazi ya mpira. Alichukua mutoto, alisema atatutumia habari kutoka Masisi. Habari haikuya. Kaka yetu mukubwa alienda mpaka kwa mapadri. Aliuliza Shebukiri, hakuna. Aliuliza Bukiri, hakuna. Walifungua kitabu mbele ya macho yake, wakasema jina ile haiko. Basi tulijua wamekufa njiani."

Kwa hiyo walifanya kama ifanyikavyo kwa mtu aliyepotea bila mwili. Walikata shina la mgomba urefu wa mtu mzima, na jingine urefu wa mtoto, wakayavika nguo, lile dogo na shanga za mtoto, wakayazika, wakanyoa vichwa, wakakaa matanga. Mwaka ule kaka yao alipoondoka parokiani na kupita Kibabi, mtoto alikuwa akichezea samadi uani kwa Semana, kando ya njia.

Walimpeleka kwa mama yake mchana, jua likiwa wazi, ili pasiwe na shaka. Jina lake la ubatizo lilikuwa Pétronille. Alimtazama Isidore bila kushtuka.

"Uko nani?"

"Njo mimi, Mama. Bukiri."

"Bukiri iko pale," alisema, akaonyesha kwa kidevu upande wa migomba.

"Pale hakuna muntu, Mama. Ni mugomba. Mimi niko hapa."

Pétronille alisimama, akamgusa uso. Vidole vyake vilipita kwenye paji, kwenye masikio, vikashuka shingoni. Isidore alifumba macho akingoja.

"Uko na uso muzuri," mwanamke alisema mwishoni. "Lakini mutoto yangu alikuwa mudogo. Mimi sikubebaka mwanaume mukubwa hivi."

Ndugu walifanya waliyoyajua. Kwa kuwa mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango wa mbele, walitoboa ukuta wa nyuma wa nyumba, wakamnyoa, wakampitisha hapo akitambaa. Katekista wa kijiji, asitake kuyaona mambo hayo ya mila, alikwenda kutazama mitego yake mchana huo wote. Walitaka pia kulifukua lile tuta dogo na kutupa kilichomo mtoni. Pétronille alipoona majembe akaenda kulikalia.

"Munapenda kuninyang'anya wote wawili?" aliwauliza. Wakaacha.

Padri alikubali neno la wazee wa Buleusa. Akaandika pembeni mwa ukurasa *Shebukiri*, kwa wino mpya, na mwanzoni mwa 1958 Isidore akamwoa Colette. Bibi Mukandori hakuhudhuria. Alijifungia ndani, akamwombolezea Sebukera kwa mara ya pili, na wako waliosema kwamba kilio hiki kilikuwa kikali kuliko cha kwanza.

Kila alipopata nafasi Isidore alishuka Buleusa. Mama yake alimzoea. Alimwita mgeni, kisha akamwita papa, kama wanawake wanavyowaita vijana wote. Alimpikia, akamtazama anavyokula, akauliza habari za ng'ombe. Akishamaliza, alitenga fungu dogo kwenye jani na kulipeleka nyuma ya migomba. Isidore akajifunza lugha ya kwao kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akaweza kuelewa anachosemewa pale. Hayakuwa maombi. Alikuwa akimwambia Bukiri kwamba mvua imenyesha, mbuzi wa Libérata amezaa, na yuko mgeni mmoja kutoka Masisi, kijana mwenye adabu, anakula vizuri.

Pétronille alikufa mwaka 1959, baada ya kuomba azikwe kati ya matuta yale mawili. Mwana ndiye anayechimba, kwa hiyo Isidore akachimba. Nafasi ilikuwa ndogo, na udongo ulikuwa laini kwa mvua. Shimo lilipomfika kiunoni, ukuta wa kushoto, upande wa tuta dogo, ukamomonyoka, likabaki tundu. Isidore akaweka jembe, akatazama ndani.

Palikuwa na udongo mweusi, mwepesi kama majivu, na ushanga mmoja wa mtoto. Basi. Alibaki amesimama shimoni, mkono ndani ya tundu lile, hasogei, hata wenye jeneza wakachoka kungoja na mvua ikaanza tena. Colette ndiye aliyekuja ukingoni kumwita. Alimwita Bukiri, hakugeuka. Ikabidi amwite Isidore.